Rodrick Anakijua Kikorea

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nasema na narudia: hakuna watu wanaolia vizuri kama Wakorea kwenye tamthilia zao. Chozi moja, shavu moja, nywele hazitikisiki. Sisi tukilia kamasi inatangulia. Na ule wimbo unaoingia wakiagana kwenye mvua! Sielewi neno hata moja, lakini leo umenikumbusha marehemu mbuzi wetu, nikashindwa kumaliza makande.

Koleta, binti ninayemtaka, naye anawapenda hao hao. Nimemwambia Kikorea nakisikia. Sijui nini kilinituma. Amesema kumbe nina akili.

Jumatano, 11 Juni
Banda la video la Wilbard limejaa, mama Koleta benchi la mbele. Balaa: flashi imekuja Kikorea kitupu, sauti ya yule mtafsiri wa Dar haimo. Wilbard akataka kuahirisha. Koleta akasema Rodrick anakijua. Banda zima likanigeukia. Ningefanyaje? Nikashika maiki.

Jamani, kipaji ninacho. Wahusika nikawapa majina ya kwetu, Danieli na Irine. Mzee mwenye suti nikamfanya mjomba anayeng'ang'ania ng'ombe wa mahari. Danieli alipomkumbatia Irine pale hospitalini, nikatangaza uchumba. Mama Koleta akapiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Wakati wa kutoka akaniambia Jumapili nipite kwake kula. Kwa mama yake Koleta! Usingizi leo sina.

Ijumaa, 13 Juni
Asheri hanitakii mema. Ni yule anayewawekea watu nyimbo kwenye simu pale gulioni, na yeye pia anamtaka Koleta. Ameteremka hadi Same akaleta tamthilia ileile, imeshatafsiriwa. Wilbard akaiweka leo mchana. Mtafsiri yule ni fundi, sauti imeshiba, kila mhusika anampa koo lake. Namheshimu hata aliponimaliza. Danieli na Irine ni kaka na dada, tumbo moja. Walikumbatiana kwa sababu baba yao amepona.

Mama Koleta akasimama, akasema nimemfanya yeye, mama wa kwaya, apigie vigelegele uchumba wa kaka na dada. Jumapili nisikanyage kwake. Kesho tukutane kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sisi Wapare kesi hatuiachi njiani.

Nimerudi nyumbani nikausikiliza ule wimbo wa mvua. Sasa naelewa kila neno.

Jumamosi, 14 Juni
Kesi imesikilizwa. Asheri alileta flashi kama ushahidi, mshenzi. Mwenyekiti akauliza kwa makini kama ng'ombe walishatoka. Nikamwambia bado. Akasema hapo afadhali.

Nikapewa nafasi ya kujitetea. Nikasema mtafsiri wa Dar hajafika sehemu ya mwisho, mimi nimefika. Irine aliokotwa akiwa mchanga, kwenye kikapu. Si damu yao kabisa. Mwenyekiti akafikiri, akasema kama si damu hakuna kosa, vijana waoane. Mama Koleta akajifuta machozi. Akasema tangu jana alikuwa hali chakula kwa ajili ya yule binti, na kesho nisichelewe. Asheri akaondoka na flashi yake bila kuaga. Koleta alikuwa ananiangalia tu.

Jumapili, 15 Juni
Wakati wa matangazo, mchungaji amesema wiki ijayo tunapokea wageni kutoka Korea. Kiswahili hawajui, Kiingereza cha kuombea maji. Akauliza kama kuna msharika anayeweza kutafsiri. Koleta, kule kwenye kwaya, akanitikisia kichwa: usithubutu. Mama yake, pembeni yake, alikuwa ameshaninyooshea kidole, anatabasamu kwa fahari.

Nimesimama. Kanisa limenipigia makofi. Kwa mama Koleta nimewekewa paja zima la kuku, na Koleta amekula ameziba macho kwa kiganja.

Sioni shida iko wapi. Wakilia, nitatangaza msiba. Wakikumbatiana, uchumba.