Mkunjo wa Mgongoni

Jumatatu, 4 Machi

Duka Kubwa limechukua na jengo la sinema! Lilipofika mtaani kwetu lilikuwa na dirisha moja na mlinzi mmoja. Kisha likachukua benki. Sasa sinema. Mifuko yake imeandikwa majina ya miji lilikofungua matawi, na mingi ya miji hiyo sijawahi hata kuisikia. Hakuna nyumba mtaani isiyo na mfuko huo. Sisi tunawekea vitunguu.

Wateja wangu leo: mmoja. Alikuja kuuliza saa.

Asubuhi Dada alishuka kutoka juu. Chumba hiki cha mbele ni chake. Mimi nimekikalia tangu nilipokuwa na nywele. Alisimama mlangoni, akaitazama cherehani, akanitazama mimi, akasema tumefanana, sote tumeshika vumbi. Akasema amenivumilia vya kutosha. Ikifika Jumamosi jioni bila yeye kuona kazi ndani ya chumba hiki, atampa shemeji yangu, nami nihamishie cherehani stoo, kwenye makopo ya rangi.

Shemeji yangu ni mdogo wake mke wangu. Ni fundi viatu wa mlango wa pili, na mtaa mzima unamwita Gundi. Viatu vya Duka Kubwa vinaachama midomo kabla havijauzoea mguu, basi yeye amefurikiwa na kazi hadi viatu vimemwagika barazani. Mchana alikuja na futi, akaupima ukuta wangu. Nikamwuliza anapima nini. Akasema, "Napima tu, shemeji, usijali. Hivi cherehani hiyo huwa inasogezwa?"

Hata hivyo nashukuru. Dada angeweza kusema Jumatano.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata kazi! Mwalimu wa kwaya ya wafanyakazi wa posta amekuja. Mtu mpana, mikono kama makasia, akisema "habari" vikombe vinatikisika. Kwaya yake imealikwa kuimba Jumamosi kwenye ufunguzi wa tawi la sinema, na wanaume wote wanataka mashati mapya ya bluu. Alijaribu Duka Kubwa kwanza. Hakuficha. Lakini huko shati la kumtosha mwembamba halimtoshi mnene, na kila Jumatatu bidhaa zinabadilishwa. Alirudi kuchukua mashati aliyoyapenda, akakuta hata rangi yenyewe haipo tena duniani.

Ametoa sharti moja. Yawe mashati ya kisasa. Si kama lile nililomshonea zamani, ambalo anasema lilimfanya afanane na pazia.

Basi nikapanga mpango. Nitanakili shati la dirishani mwa Duka Kubwa lenyewe! Wao walipe wachoraji wao huko ughaibuni, mimi nitazame bure.

Nilikwenda. Sanamu la dirishani limevaa shati lililotulia kifuani na kubana kiunoni bila kasoro. Siri iko wapi? Nikabandika shavu kwenye kioo cha pembeni. Nikaiona. Mgongoni! Mkunjo mmoja mnene, kutoka mabegani hadi kiunoni, umeshikwa na vitu vidogo vinavyong'aa, mfano wa vichwa vya pini. Ufundi ulioje! Mlinzi akaniambia, mzee, unatuchafulia kioo. Nikamshukuru kwa uvumilivu wake, nikaenda zangu.

Nilimweleza mke wangu. Akauliza kama hizo si pini kweli. Nikacheka sana. Kampuni yenye maduka dunia nzima, ikashikize nguo kwa pini!

Jumatano, 6 Machi

Nimekata mashati yote. Mkasi umeimba. Lakini siachwi nifanye kazi. Watu wanaingia na nguo mbovu. Karani wa benki kaja na suruali iliyompasukia alipoinama kuokota kalamu. Muuguzi kaja na gauni lililogoma zipu. Mama mmoja kaja na sweta la mwanawe, mkono mmoja umebaki nyumbani. Zote za Duka Kubwa. Zote mpya!

Niliwaambia mimi ni fundi wa kushona, si wa kuziba matobo. Wakaanza kuondoka. Mke wangu akawafuata mlangoni, akawaambia waziache tu hapo mezani, wapite kesho. Sasa meza imejaa na lundo limeanza kuniziba mwanga wa dirisha.

Jioni alinigeuzia blauzi moja ndani nje, akanionyesha mshono wa ubavuni. Ulikuwa umekwenda vizuri, kisha ukatoka nje ya kitambaa, ukarudi kwa pupa. Akasema aliyeshona hapa ni fundi mzuri, ila hakupewa nafasi hata ya kuvuta pumzi. Mtu alikuwa amemsimamia kichwani. Akamwombea heri huko aliko, kisha akaushona upya taratibu, kama anayemmalizia mwenzake kazi.

Mimi nimeshonea katika chumba hiki maisha yangu yote na sijafokewa na mtu ila Dada. Nashukuru kwa hilo.

Gundi naye kaleta suruali yake ya Duka Kubwa, imechanika pale pasipotajwa. Akiwa bado ameifunika kwa kofia, akaniarifu kwamba rafu yake ya viatu itakaa vizuri pale nilipoweka kioo.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu wa kwaya alikuja kujaribu shati. Mkunjo nimeuweka mgongoni, nikaushona mara mbili. Badala ya vile vinavyong'aa nimetia uzi wa fedha.

Mbele, maajabu! Tumbo limeingia. Kifua kimetoka. Alijitazama kiooni, akajigeuza huku na huku, akaniita bingwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti nyembamba ambayo si yake, kama ni kawaida kutopumua. Nikamweleza kwamba shati la kisasa linamtaka mtu asimame wima na kupumua kwa adabu.

Mke wangu, sindano mdomoni, akamwomba mwalimu anyanyue mikono kidogo. Nilimkataza. Atalikunja shati! Mke wangu akasema, "Lakini huyu anaongoza kwaya, Fundi. Mikono ndiyo kazi yake." Nikamkumbusha kwamba sanamu la dirishani limesimama tangu Jumatatu na halijalalamika.

Mwalimu aliondoka akitembea kama aliyebeba mtungi kichwani. Akasema asante. Nadhani alisema asante.

Ijumaa, 8 Machi

Mashati yamekwisha! Yamening'inia ukutani, migongo yote ina mikunjo, kama safu ya samaki.

Sasa Dada. Kesho jioni anakuja kuangalia kama chumba kina kazi. Sitaki kubahatisha. Nimewaomba kinyozi, muuza magazeti na mlinzi wa shule waje kesho wakae kwenye benchi langu wajifanye wateja. Wamekubali. Leo jioni tulifanya mazoezi, na tulipata shida kubwa: benchi lilikuwa limejaa. Watu waliokuja kuchukua nguo zao kwa mke wangu walikuwa wamekaa pale wote, wengine wamesimama mlangoni na mifuko. Ilibidi niwaombe kwa heshima watoke nje ili wateja wangu wapate pa kukaa. Wakatoka. Nashukuru, watu wa mtaa huu ni waelewa.

Kinyozi aliuliza akiulizwa aseme amekuja kufanya nini. Nikamwambia atumie akili.

Lundo la nguo za mke wangu limefika dari. Nilimsihi alifiche kabla Dada hajaja, chumba kisionekane stoo. Akasema ataona.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Mtaa wote ulikuwa mbele ya sinema ya zamani. Utepe, maputo, meneja wa Duka Kubwa na suti inayometa. Kwaya ikapanga mstari. Kwa mbele, mashati yangu yaliwaka! Nilisikia mtu akiuliza yamenunuliwa wapi. Nilitaka kulia kwa furaha. Dada alikuwa palepale, chini ya mwavuli wake, akitazama.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole. Walisimama kama nguzo. Sauti zilitoka chache, lakini zilitoka. Wimbo wa pili una mahali ambapo mwalimu hufungua mikono yote kuita besi. Akaifungua.

Mlio ule sitausahau. Mkunjo uliachia kutoka mabegani hadi kiunoni, paaa! Besi walishtuka, wakavuta pumzi kwa pamoja, nao wakaachia, mmoja baada ya mwingine, kama mahindi yanayokaangwa. Mmoja wa sauti ya kwanza alijizuia, akawa mwekundu, akakaa chini. Watu walicheka hadi wakashikana. Gundi alisema kwa sauti, "Shemeji, hayo ni mashati au fataki?" Dada alikunja mwavuli. Nilijua maana yake. Niliziona rangi za stoo moja moja.

Mke wangu alikwisha kufika mbele. Sindano huwa ameichomeka kwenye kola, mkasi mdogo mfukoni. Alimgeuza mwalimu, akatazama mgongo, akaita kwamba kitambaa hakijachanika, ni mshono tu ulioachia. Akaanza kuufumua uliobaki. Gundi akaacha kucheka, akamshikia dadake nyuzi. Wakapita mstari mzima. Na lo! Mkunjo ulipofumuliwa wote, mashati yaliwakaa vizuri sana. Vipimo vyangu vilikuwa sawa. Mwalimu alinyanyua mikono, akavuta pumzi ya wiki nzima, na wimbo wa pili ukaanza upya. Vioo vya sinema vilitetemeka. Walipigiwa makofi hadi meneja akasahau kukata utepe. Alipokumbuka aliinama kuokota mkasi, suruali yake nayo ikalia. Mke wangu alimshonea nyuma ya maputo.

Hapo ndipo msichana anayepamba madirisha ya Duka Kubwa alipotujia, amevaa kimto cha pini mkononi kama saa. Alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Akaniambia, "Mzee wangu, zile ni pini. Sanamu limekonda, shati linalipwaya, basi tunalibana nyuma lisionekane." Nikamjibu kwamba nilishuku. Kisha akamgeukia mke wangu. Akasema kila siku wateja wao wanataka suruali zipunguzwe, viuno vibanwe, vifungo virudishwe, na dukani hakuna anayejua kushika sindano. Je, angewapokelea? Mke wangu akasema nafasi ipo, ila yeye hafanyi kazi kwa kukimbizwa. Msichana akasema itakuwa kama atakavyo yeye.

Jioni Dada alikuja. Kinyozi alikuwa kwenye benchi, amenyooka. Dada akamwuliza amekuja kufanya nini. Akasema, "Kukaa tu, nimeombwa." Dada hakumjali. Alilitazama lundo hadi dari. Aliwatazama watu waliopanga mstari hadi kwa Gundi. Kisha akamshika mke wangu mkono, akasema, "Wifi, kuanzia leo chumba hiki ni chako. Huyu mdogo wangu mweke pembeni, usimtupe." Gundi alikunja futi yake, akasema kumbe baraza linamtosha, na kwamba hangependa kumsogeza dada yake.

Mpango wangu umefaulu! Nisingeweka mkunjo, usingeachia. Usingeachia, mke wangu asingeonekana. Nililifafanua hili mezani. Mke wangu alicheka hadi akaweka kijiko chini, akaniongezea chakula. Nina mke, nina dada, hata shemeji ninaye. Nalala nikishukuru.

Jumatatu, 11 Machi

Mifuko ya Duka Kubwa imeanza kufika na suruali za kupunguzwa. Mke wangu anapima, mimi nashona pindo. Cherehani haina vumbi. Mwalimu wa kwaya ametuma salamu na kuagiza shati jingine, la Jumapili. Gundi ameleta chai bila kuombwa. Mtu atake nini zaidi?

Alasiri nilipeleka mzigo wa kwanza dukani. Nikaingia kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza, na mlinzi aliniamkia! Dirisha limebadilishwa lote. Sikulitazama. Nimeachana na masanamu kabisa.

Ila ndani, bila kukusudia, niliona jambo. Kila nguo, hata ya bei kubwa, chini karibu na upindo ina kifungo kimoja kikubwa cha plastiki, cha kijivu, kisichofunga kitu chochote. Kimoja tu! Uthubutu ulioje! Na hapohapo mama mmoja akatoka mlangoni, begani ametundika blauzi yenye kifungo hicho. Kengele zikalia, taa zikawaka, walinzi wote wakamkimbilia. Mteja gani mtaani kwetu amewahi kupokewa hivyo kwa sababu ya nguo?

Hizo si pini. Nilikigusa kwa mkono wangu. Kimeshikiliwa kwelikweli, hakitoki hata kwa meno.

Gundi amenipa vifuniko vya chupa zake za gundi. Vya kijivu, vinafanana kabisa. Cha kwanza nimekwisha kukishona kwenye shati jipya la mwalimu wa kwaya, chini kulia, kwa uzi mara tatu. Mke wangu alikitazama, akauliza kama kile cha dukani si kidude cha kuzuia wezi.

Nikacheka sana.