Vichipukizi vya Tuta la Nyuma

Jumatatu, 2 Septemba

Binti yangu amekuja asubuhi na kukagua nyumba kama mkaguzi wa shule. Amenusa jikoni. Amefungua friji, akaifunga taratibu, kama mtu anayefunga jeneza. Kisha ametoa hukumu. Tarehe ishirini na mbili familia itakaa kikao. Ama nitakuwa na shughuli ya maana inayonilisha na kuniweka sawa, ama nitahamia kwake, ghorofa ya sita, na nyumba hii itafungwa. Amesema, baba, umeacha jiko linawaka mara mbili. Nimemsahihisha: mara tatu. Ukweli haujawahi kumsaidia mtu!

Mke wangu amefariki, huu ni mwezi wa tano sasa. Nyumba imekuwa kubwa tangu hapo. Lakini ni yangu. Sitoki.

Ninao mpango. Vichipukizi! Nieleze, ili baadaye nisisahau. Unamwaga mbegu za mboga kwa wingi, zikigusana mabega kama wanafunzi kwenye dawati moja. Zikifika urefu wa kidole, unakata kwa mkasi. Wapishi wa hoteli huvipanga juu ya sahani kama mapambo, na wateja hula mapambo hayo. Wengine huvikuza ndani ya nyumba, kwenye trei. Mimi nitavikuza nje, kwenye tuta, ardhini. Kijitabu nilichonunua kinaonya kuhusu mchanga, magugu, jua na ndege. Mwandishi wake ni mwoga.

Nimechagua tuta la nyuma. Lilikuwa la marehemu. Udongo wake alikuwa akiuchekecha kwa mikono yake, miaka kumi na sita. Laini kama unga. Ingekuwa uzembe kuuacha ukae bure.

Jumanne, 3 Septemba

Nimelima. Saa mbili na nusu. Nimeng'oa mashina makavu yote ya mboga zake. Yalikuwa yamejaa mbegu, yakamwagika kila mahali kama pilipili manga. Mgongo umekataa kunyooka.

Shemeji amechungulia juu ya ua. Ni mdogo wa marehemu, jirani yetu, fundi bomba mstaafu, na kabichi zake ni kubwa kupita adabu. Ameuliza, shemeji, unafukua nini hapo, maiti? Halafu amekumbuka tuta ni la nani. Amekohoa muda mrefu.

Ili kumwondolea aibu nimemweleza nadharia nzima ya vichipukizi. Ameuliza vinauzwa vikiwa na ukubwa gani. Nimemwonyesha kidole. Ameuliza, kidole gani? Nimemwonyesha kile kidogo cha mwisho. Amesema yeye anauza kabichi kubwa kama kichwa cha mtu, na mimi nitauza kile kinachobaki kwenye kisu chake. Wivu. Anaitaka bustani hii, najua. Mwezi uliopita nilimkuta amesimama katikati yake, mikono nyuma, anatazama tu.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepanda figili. Kilo mbili kwenye tuta moja. Kijitabu kinataka mbegu zishindiliwe ardhini ili zishikane na udongo. Nimetumia ubao wa darasani, ule niliopewa siku ya kustaafu badala ya saa. Nimeulaza juu ya tuta, nikapanda juu yake na kutembea kutoka kaskazini hadi kusini. Kusini nimeanguka chali juu yake.

Shemeji ameniinua. Ameniuliza kama hilo nalo limo kwenye kijitabu. Nimeinuka nikiwa na maandishi ya chaki mgongoni, kinyumenyume. Yalikuwa somo langu la mwisho: mmomonyoko.

Ijumaa, 6 Septemba

Zimeota! Tuta limejaa vichwa vidogo vya kijani. Nimesimama nikivitazama hadi chai imepoa. Nilitaka kumwita mtu aje aone. Nimekwenda hadi mlango wa jikoni na kufungua mdomo. Nimeufunga.

Jambo la kutilia shaka: kila asubuhi nakuta tuta limelowa tayari. Mvua hakuna. Umande hauwezi; nimeupima kwa karatasi ya kukaushia wino. Kuna nyayo za viatu vya mpira kutoka geti dogo la uani hadi kwenye tuta, na kurudi. Mtaani kuna mtu mmoja tu mwenye viatu vya mpira. Anataka mizizi yangu ioze.

Jumapili, 8 Septemba

Balaa! Katikati ya figili yametokea magugu. Mekundu, madogo kama ncha ya sindano, kwa maelfu. Mazao yangu yanaonekana yana surua.

Shemeji ametazama juu ya ua. Halafu amesema, shemeji, huo ni mchicha wa dada. Nimemweleza kwa upole, kama nilivyoeleza darasani kwa miaka thelathini na minane: gugu ni mmea wowote ulioota mahali usipotakiwa. Mchicha hupandwa kwa mistari. Huu hauna mistari. Kwa hiyo ni gugu. Amesema, dada hakuwahi kupanda kwa mistari hata siku moja. Nimemwambia ndiyo maana.

Nimechukua kibano cha marehemu cha nyusi kutoka droo yake. Droo bado ina harufu ya mafuta yake ya nywele. Nimeifunga haraka. Nimeweka ubao juu ya matofali, ukavuka tuta kama daraja, nikalala kifudifudi na kuanza kung'oa. Hadi saa sita nilikuwa nimeng'oa magugu mia nne na kumi. Nimelala usingizi huko huko juu ya ubao. Jirani wa pili amepiga kelele kwamba mwalimu amekufa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda hotelini, ile iliyo karibu na kituo cha mabasi. Mpishi mkuu ni mwanafunzi wangu wa zamani. Darasani tulimwita Sifuri, kwa sababu ya jiografia. Sasa ana kofia ndefu nyeupe na watu kumi na wanne wanamwita mama. Amenipokea kwa heshima na kunipa kiti, ingawa kilikuwa nje.

Amesema vichipukizi anavitaka sana, kwani anavyopata huja vimelala. Atakuja mwenyewe Ijumaa saa moja asubuhi. Vikatwe mbele yake, kabla jua halijapanda. Vikimridhisha atachukua sinia moja kila siku na ataniandikia barua ya mkataba. Barua! Nitaisoma kwenye kikao nikiwa nimesimama.

Nikirudi nimenunua kufuli. Geti dogo la uani limefungwa. Tuone viatu vya mpira vitapita wapi.

Alhamisi, 12 Septemba

Tuta limekauka. Figili zimeinama upande mmoja kama waombolezaji. Nimechora mchoro wa mwelekeo wa upepo na kuthibitisha kwamba ni upepo. Nimemwagilia saa saba mchana. Zimeinama upande wa pili.

Alfajiri nilisikia geti likitikiswa. Nikachungulia dirishani. Shemeji alikuwa nje na ndoo ya kumwagilia, viatu vya mpira miguuni. Alitazama kufuli. Kisha aliigeuza ndoo, maji yakaenda njiani, akaikalia. Nilitoka na kumwuliza kama anakiri. Amesema alimwahidi dada yake, wodini, kwamba tuta halitakauka. Ameamka kila alfajiri kwa miezi mitano.

Nimeandika hapa neno kwa neno kwa sababu ni kukiri. Kufuli linabaki hadi kesho. Baada ya mkataba nitamfikiria.

Jioni nimemaliza magugu yote. Hakuna hata moja lililobaki! Nimeyaweka kwenye karai lenye maji ili niyahesabu vizuri kesho kwa ajili ya kumbukumbu.

Ijumaa, 13 Septemba

Lazima niandike kwa utaratibu.

Saa moja kamili mpishi amefika, na mkasi wake na sinia lenye barafu. Tuta halikuwa zuri, lakini lilikuwa limesimama. Ingekuwa kosa kumwacha akate bila kuelewa anachokata. Nimesimamisha ubao ukutani. Nimeanza na kuota kwa mbegu, nikaja kwenye aina za udongo, nikagusia kidogo historia ya umwagiliaji. Mara mbili amesema, mwalimu, jua. Nimemwambia maswali mwishoni.

Nilipogeuka, ilikuwa saa mbili na robo. Figili zilikuwa zimelala chini zote, kama nguo iliyodondoka kambani.

Amekata konzi moja hata hivyo, kwa adabu. Ameonja. Nimesikia mchanga ukisagika kwenye meno yake. Ametafuna hadi mwisho. Mtoto huyu alilelewa vizuri.

Halafu ameliona karai kwenye kivuli. Amepiga magoti. Ametoa magugu mekundu kwa ncha za vidole, yanadondosha maji, hayana mchanga hata chembe, yamesimama. Ametia mdomoni. Amefumba macho. Ameuliza, mwalimu, hizi je?

Nimemweleza kwamba hayo ni magugu, na kwamba wekundu ule ni dalili ya upungufu wa fosforasi. Amesema hizi ndizo anazozitaka. Kila siku. Sinia mbili. Ameuliza zimebaki ngapi ardhini.

Nimemjibu kwa fahari: hakuna hata moja.

Amecheka. Halafu ameacha kucheka. Amesema anaijua mboga hii. Marehemu alikuwa akimpa uani kwetu na chakula cha mchana, siku zile nilizomsimamisha nje ya darasa. Hilo sikulijua. Nidhamu yangu ilikuwa ikihujumiwa kutoka jikoni kwangu, miaka yote ile!

Akiondoka amesema udongo huo bado una mbegu, na zikitoka tena hata kama ni chache, nisiziguse, nimpigie siku hiyo hiyo. Shemeji naye alikuwa juu ya ua, amesikia yote. Ameniambia, shemeji, fungua geti, nitamwagilia, wewe kaa ndani usifanye kitu. Siku tisa zinatosha. Tafadhali. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefikiri usiku kucha. Mpishi anasema nisubiri magugu. Shemeji anasema nisifanye kitu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesoma kijitabu. Ukurasa wa kumi na moja: tuta lililoharibika lisafishwe kabisa kabla ya kupanda tena. Maji yanayochemka huua kila mbegu iliyolala juu.

Nimechemsha sufuria kumi na sita. Nimezimwaga moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kaskazini hadi kusini. Mvuke umepanda hadi juu ya paa. Shemeji amekuja mbio, ameshika mbao za ua, ameita jina la dada yake. Si langu, la dada yake. Halafu ameingia ndani kwake na kufunga madirisha.

Tuta sasa ni safi kuliko sahani. Nimepanda figili upya.

Jiko nimelisahau likiwaka. Pazia limeungua nusu tu.

Jumapili, 22 Septemba

Kikao. Wamekaa sebuleni, chini ya lile pazia. Figili zangu mpya zilikuwa na siku nane, na urefu wa kidole, lakini ndege walikuja jana wote kwa pamoja. Nimepeleka kumi na moja zilizobaki, kwenye kikombe. Kikombe kimepitishwa mkono kwa mkono. Mjomba mmoja alidhani ni dawa, akazila.

Binti yangu ametazama pazia, akanitazama mimi, macho yake yamejaa maji. Amesema, baba, sikuhamishi kwa adhabu. Nataka kusikia ukikohoa chumba cha pili, nijue upo. Nilikuwa na hoja saba. Sikukumbuka hata moja.

Nyumba imefungwa. Bustani itatunzwa na shemeji. Ameulizwa atapanda nini. Nilijua atasema kabichi. Amesema matuta mengine yote kabichi, lakini tuta la nyuma atalimwagilia tu, liote linachotaka. Ametamka hivyo akitazama sakafu. Sitakaa nimwelewe fundi bomba.

Jumapili, 29 Septemba

Ghorofa ya sita. Dirisha moja, lina wavu. Chini kabisa kuna uwanja wa saruji wa kuegesha magari. Binti yangu anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi jioni, ananiuliza nimekula nini. Akilala naacha mlango wazi kidogo. Nakohoa, ili ajue.

Nina mpango. Uyoga! Nieleze. Uyoga hauhitaji jua, wala udongo wala shemeji. Unahitaji giza, unyevu na chombo chenye kifuniko. Kabati la nguo la binti yangu lina giza la kutosha; nimelipima leo akiwa kazini. Chombo nilikuwa sina.

Saa nne shemeji amepiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Tuta halioti kitu, amelimwagilia wiki nzima, mpishi amekuja mara mbili kutazama na kurudi. Ameuliza kama dada hakuacha mbegu mahali, hata kidogo, hata kijiko kimoja. Mpishi amesema akizipata ataandika mkataba kwa jina langu, na binti atakubali nirudi nikiwa na mtu wa kukaa nami. Nimemwahidi nitatafuta.

Nimetafuta. Ndani ya sanduku la marehemu, nililohama nalo, chini ya kanga zake, nimekuta kopo la maziwa ya unga. Limefungwa kwa plastiki na uzi, kwa uangalifu mkubwa. Juu ameandika kwa mkono wake: nyekundu. Basi. Nyekundu nini? Miaka arobaini na mbili nilimfundisha kuandika maelezo kamili. Ndani kulikuwa na vumbi la chembe nyeusi zinazong'aa, kama pilipili manga iliyosagwa. Nimeonja. Si pilipili.

Nimeinua wavu na kuzimwaga dirishani. Upepo umezichukua zote.

Kopo ni zuri sana. Kifuniko kinabana. Nimeliosha kwa maji ya moto na kuliweka kabatini, kona ya kushoto, penye giza zaidi.

Jioni nimempigia shemeji. Nimemweleza kwamba nimepekua kila mahali, kwa utaratibu, kaskazini hadi kusini. Marehemu hakuacha kitu.