Nyumba Iliyokosa Kitako

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Leo Mzungu kasimamisha gari mbele ya karakana yetu, hapa Kabeza, Kigali, barabara ya uwanja wa ndege. Kamchukua bata wangu wa mbao. Kampapasa mgongo. Kasema "magnifique". Mimi Révérien, msanii wa kimataifa!

Sawa. Daftari ni langu lakini nisilidanganye sana. Gari lilipata pancha. Bata aliwekwa nyuma ya gurudumu lisirudi nyuma. Hiyo "magnifique" ilisemwa gari lilipotulia. Mzungu kaenda zake. Bata amebaki bila mdomo.

Fundi Mugenzi, mwenye karakana, aliona yote. Alicheka hadi misumari ikamtoka mdomoni. Halafu akanuna. Anasema Mukandekezi, mama wa chai na maharage hapa jirani, ameomba vipande vyote vya mbao vinavyobaki. Eti yeye akipewa mbao anarudisha chakula, mimi nikipewa mbao narudisha bata. Ikifika Jumamosi na hakuna mtu aliyeniomba zawadi kwa mdomo wake na kuipokea kwa furaha, vipande vinaenda jikoni na kwenye kona yangu ya kuchongea vinapangwa viti.

Kona yangu! Mchana nitakaa wapi? Nyumbani na mkwe wangu na redio yake?

Jumanne, 6 Agosti

Ujanja wa kwanza. Nimemwambia Raihana, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, kwamba mke wa waziri ameagiza bata wangu. Ameuliza waziri gani. Nimesema ni siri ya serikali. Amesema bata mwenyewe anaonekana amepigwa.

Raihana huwezi kumdanganya. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Lakini ana huruma. Jumamosi mpwa wake Zuhura anaolewa mtaa wa Biryogo. Anataka kijumba cha mbao cha kuweka kabatini, chenye maandishi: nyumba hii ni mahali pa amani. Alisema huku amebana pini mdomoni, lakini mimi nina masikio.

Nimempigia Mugenzi kelele aje asikie. Kasikia. Kasema tutaona hiyo furaha Jumamosi, yeye mwenyewe amealikwa.

Mukandekezi alikuwa anachungulia. Nimemwonyesha ulimi. Umri wangu unaruhusu.

Jumatano, 7 Agosti

Kijumba kimesimama! Kuta za mvule uliobaki kwenye mlango wa padri. Paa ni kipande cha kitanda. Kitako ni mkaratusi. Nimepiga msasa mpaka kimekuwa laini kama shavu la mtoto.

Tatizo: ukuta mfupi, maneno marefu. Révérien hashindwi. Ukutani nimechonga NYUMBA HII NI MAHARI, na kwenye kitako PA AMANI. Unasoma ukuta, unashuka chini, unamaliza.

Mukandekezi kaja na kikombe cha chai ambacho sikukiomba, mradi apate kuingia. Kasoma. Kasema, muzee, hiyo neno iko na L. Eti aliiona kwenye kitabu cha kwaya. Nimemuuliza nani kati yetu ana jina lenye R mbili. Mimi na R ni ndugu. L ni nini? Ni R iliyokatwa kichwa. Halafu hapa Kigali nani anazitofautisha? Ulimi unapita katikati na watu wanaelewana.

Karudi kwa maharage yake. Chai nimekunywa.

Ijumaa, 9 Agosti

Msiba! Nilipaka rangi kitako, nikakianika juani penye ukuta wa jiko la Mukandekezi. Nikaenda kuazima gundi, nikasimulia kidogo habari za bata, nikarudi. Kitako hakuna. Sufuria inatokota.

Mukandekezi ameapa kwamba yeye aliona ukuni tu. Nimemwambia ukuni gani una maandishi! Kasema hakuvaa miwani. Hana miwani. Hajawahi kuwa nayo.

PA AMANI imeivisha maharage. Nimeyala. Yalikuwa matamu, na hilo limeniuma zaidi.

Mkaratusi mwingine hakuna. Nimefikiri: ukuta peke yake bado ni sentensi. Nimekifunga kijumba kwa gazeti na kamba nyingi, Raihana asichungulie. Nimemwambia zawadi ikifunguliwa kabla ya siku yake inaleta mkosi. Hiyo desturi nimeitunga njiani.

Jumamosi, 10 Agosti

Biryogo. Koti langu la ubatizo wa kifungua mimba wangu bado linaingia nikishika pumzi.

Wanaume sebuleni, wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Mimi nimesukuma zawadi yangu mbele ya zote, Mugenzi aone furaha kwa karibu. Shehe anauliza habari ya mahari. Mjomba wa bibi harusi, mzee mwenye miwani ya kioo kimoja, akadhani kifurushi ndicho jibu. Akakata kamba. Akainua kijumba. Akasoma kwa sauti ya adhana: NYUMBA HII NI MAHARI!



Mjomba kauliza ni nyumba ipi, iko mtaa gani, ina vyumba vingapi. Bwana harusi, maskini, amepanga chumba kimoja huko Rebero na choo cha kushirikiana. Akaanza kutoka jasho. Baba yake akasimama: tulikubaliana cherehani! Nyumba imetoka wapi? Mjomba akajibu kwamba maandishi ni maandishi, na tena yamechongwa.

Nyuma ya pazia nikamsikia Raihana anapiga kelele: mahali, jamani, mahali!

Sebule nzima ya wanaume wa Kigali ikamjibu kwa pamoja: ndiyo, mama, mahari!

Mugenzi akanitazama. Niliona viti vikipangwa kwenye kona yangu, kimoja juu ya kingine. Nikajisogeza nyuma ya sinia la pilau.

Shehe ana akili. Kasema mahari ni haki ya bibi harusi, aulizwe yeye. Mjomba akaingia ndani na kijumba mkononi. Tukangoja. Mara chumba cha wanawake kikalipuka kwa kicheko na vigelegele. Mjomba akatoka ameinama, machozi yanapita pale penye kioo na pale pasipo na kioo. Zuhura amekubali cherehani. Na nyumba pia anaitaka, hii hii, ya kabatini, na asithubutu mtu kumdai kodi.

Bwana harusi amenibusu paji la uso. Baba yake amenijazia nyama. Nimewaeleza wote kwamba nilipanga hivyo tangu mwanzo. Mugenzi kasema mimi ni mwongo, lakini furaha ameiona. Kona ni yangu!

Jumatatu, 12 Agosti

Raihana kaja asubuhi. Kaniapisha nisichonge tena hata herufi moja kabla ya kumwonyesha. Nimeapa. Kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa umeshika patasi.

Maana kazi mpya imeshaanza! Vibao vya kutundika ukutani chumba cha kulia: KARIBU KURA. Vizuri sana, R mbili, kama jina langu. Mukandekezi kasema, muzee, hiyo ni kura ya kupiga, na mwaka huu vyama vinachipuka kama uyoga, watu watakuuliza wewe iko chama gani. Wivu tu. Mtu mwenye njaa ataangalia herufi?

Mukandekezi, najua unasoma humu. Ukurasa wa Jumatano una alama ya kidole chenye masizi. Basi naliacha daftari wazi kwenye meza yako. Nakudai kitako, mama, na mimi sina makuu. Ule ubao mrefu ulio chini ya sufuria, upande wa kushoto, umeshika moto ncha tu. Uvute nje, unipulizie uzime, nichongee vibao.