Mwalimu wa Walionaswa

Hakuna binadamu aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kumdanganya Kufuli kwenye mtandao. Nani kasema? Kufuli mwenyewe! Tena kasema mara nyingi, mbele za watu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hata hilo jina la Kufuli alijipachika mwenyewe, wiki ile aliyomaliza shule. Wenzake wakihangaika na vyuo, yeye akatangaza nyumbani kwamba amepata uanagenzi wa usalama wa mtandao kwenye kampuni moja ya bima. Atajifunza kazi hukohuko ofisini, miezi mitatu ya majaribio, na akifaa atapewa mkataba wa miaka miwili. Hiyo "akifaa" aliimeza. Kwa mama yake alisema hivi tu: "Mama, wameniomba nikawalinde."

Mama yake ni mshonaji. Maskini, aliacha cherehani akapiga vigelegele! Kufikia jioni, kila mteja aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka na suruali na habari.

Kufuli akaanza ulinzi nyumbani. Televisheni ikawekewa neno la siri. Simu ya mama ikawekewa neno la siri la herufi kumi na sita, hata mama akitaka kupiga simu anatafuta kwanza miwani, kisha karatasi, kisha subira. Siku moja mama wa watu akabonyeza tangazo lililomwambia ameshinda friji. Weee! Nyumba haikukalika.

"Mama! Umebonyeza! Hukuona dalili? Wanakusifu, wanakuharakisha, halafu wanataka neno lako la siri! Anayebonyeza vitu hivi ni mjinga tu!"

"Mjinga ni mimi?"

"Siyo wewe, mama. Nasema kwa ujumla."

Mama akarudi kwenye cherehani yake. Lakini mtu anayeshona anajua kutunza pini.

Ofisini walikuwa wanagenzi wawili, na mkataba ulikuwa mmoja. Wa pili alikuwa binti mkimya, kila anachosikia anaandika kwenye daftari. Kufuli akambatiza Bibi Daftari. Mkuu wa kitengo alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye miwani na maneno machache, na kazi aliyowapa miezi ya kwanza haikuwa ya kishujaa. Walibandika namba kwenye laptopu. Waliwasaidia wafanyakazi waliosahau maneno yao ya siri. Walisoma mistari ya kumbukumbu za kompyuta mpaka macho yakawawasha.

"Kazi za makarani!" Kufuli alilalamika wakati wa chai. "Mtu mwenye kipaji kisicho cha kawaida kama changu! Shida ni kwamba nyie wenzangu hamkioni."

Bibi Daftari akanywa chai, akaandika.

Nyumbani nako Kufuli alitoa ripoti: "Mama, leo nimezuia mashambulizi mia mbili." Siku hiyo alikuwa amebandika namba kwenye laptopu mia mbili.

Mwezi wa tatu ukafika na mtihani wake. Kitengo kile kina desturi ya kuwatega wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Wanatumiwa barua pepe ya uongo, nayo kitengoni wanaiita chambo. Ukiistukia, unairipoti. Ukibonyeza ukaandika neno lako la siri, umenaswa. Hufukuzwi kazi, ila unaitwa darasani ufundishwe.

"Mmoja wenu ataandika chambo," mkuu akasema. "Mwingine atafundisha darasa la walionaswa. Baada ya hapo nitaamua mkataba ni wa..."

"Mimi nafundisha!" Mkono wa Kufuli ulikuwa juu kabla sentensi haijafika chini.

"Sawa. Mwenzako ataandika."

Bibi Daftari akauliza, "Niwaandikie akina nani?"

"Wote. Hakuna asiyehusika."

Jibu hilo Kufuli hakulisikia, maana alikuwa ameshafungua kompyuta, anachagua rangi ya slaidi zake. Akaandaa slaidi nane. Ya kwanza ilikuwa na picha ya punda aliyekaa mbele ya kompyuta, na maneno makubwa: DALILI SABA ZA MJINGA WA MTANDAO. Aliomba kimoyomoyo wanaswe wengi, ukumbi ufurike. Mama yake akamshonea koti jipya la bluu, lenye vifungo vya dhahabu ya uongo, kwa ajili ya siku hiyo. Wateja wa suruali wakasubiri.

Jumanne, saa nne asubuhi, ikaingia barua pepe.

"Hongera! Kamati imekuchagua kuwa Mlinzi Kijana wa Mwaka. Tumevutiwa na kipaji chako kisicho cha kawaida, ambacho wenzako hawakioni. Thibitisha kabla ya saa sita mchana kwa kuandika neno lako la siri hapa."

Kufuli alisoma mara tatu. Alipofika pale pa "wenzako hawakioni", machozi yakamlenga. "Hatimaye!" akanong'ona. "Kumbe kuna watu wanaona!"

Barua inamsifu: dalili ya kwanza. Anwani ya mtumaji haieleweki: dalili ya nne. Wanamharakisha: dalili ya tano. Wanataka neno la siri: dalili ya saba, ile aliyoiandika kwa rangi nyekundu! Unadhani hakuziona? Aliziona zote. Akajiambia, "Kamati kubwa zina mambo mengi," akabonyeza.

Akaandika neno lake la siri. Ukurasa ukamjibu: "Jaribu tena." Akajaribu tena, na tena. Ukakataa. Akaandika neno lake la zamani, kisha la zamani zaidi, kisha la televisheni, kisha, jamani, lile la simu ya mama yake, lote, herufi kumi na sita! Mara ya saba ukurasa ukamshukuru. Kwa furaha akaisambaza barua hiyo kwa mama: "Mama, ona mwanao! Bonyeza na wewe, haraka!"

Ijumaa akaingia ukumbini amevaa koti. Projekta ilikuwa inawaka na punda yuko ukutani. Mkuu wa kitengo amesimama mlangoni na karatasi yake. Bibi Daftari yuko mbele, karibu na ubao. Katikati ya ukumbi kuna kiti kimoja.

"Wanafunzi wangu wako wapi?"

"Safari hii watu wamejitahidi," mkuu akasema. "Wafanyakazi mia moja na arobaini. Hata askari wa getini aliripoti chambo chake. Amenaswa mmoja tu."

"Mmoja!" Kufuli alicheka mpaka akashika meza. "Watu mia nzima wamestuka, yeye kabonyeza! Huyo ana akili kweli? Mwiteni nimwone sura!"

"Amevaa koti la bluu."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Akaangalia vifungo vyake, akaangalia kiti, akamwangalia mkuu.

"Mimi... mimi nilikuwa najaribu tu! Nilijua!"

"Ulijaribu kweli. Mara saba." Mkuu aliinua karatasi. "Watu hudanganywa mara moja, kijana. Wewe ulirudi mara saba kuomba udanganywe."

Kufuli akamgeukia Bibi Daftari. "Uliniandikia wewe?"

"Niliambiwa wote." Binti akafungua daftari, akamwonyesha ukurasa. "Yako haikunipa shida. Maneno ni yako mwenyewe, ya wakati wa chai."

Kufuli akakaa. Angefanya nini? Bibi Daftari akafundisha saa nzima, taratibu, bila kejeli, kwa slaidi zilezile nane, wala hakubadilisha hata nukta. Kila punda alipotajwa, mwanafunzi aliinamia vifungo vyake. Mwisho akasaini karatasi ya mahudhurio, jina moja kwenye ukurasa mzima. Mkataba akapewa binti. Kufuli akaambiwa, akitaka, anaweza kurudia miezi mitatu, aanze upya na namba za laptopu. Akasema anataka. Alisema kwa sauti ndogo, na ilikuwa mara ya kwanza ofisi ile kuisikia sauti hiyo.

Nyumbani alimkuta mama anapinda suruali.

"Mwalimu wangu! Darasa lilikuwaje?"

"Lilijaa, mama. Hakukubaki kiti."

"Alhamdulillahi! Halafu, ile barua uliyonitumia Jumanne..."

"Uliibonyeza?"

"Nani, mimi? Watu wanasifu, wanaharakisha, wanataka neno la siri? Niliifuta papo hapo! Nikasema huyu ni tapeli anajifanya mwanangu, mwanangu hawezi kutuma upuuzi kama huu." Akakata uzi kwa meno, akamwangalia juu ya miwani, tena kwa muda mrefu kidogo. "Ila nilihuzunika. Nilijua lazima kuna mjinga mahali ameibonyeza."

Kufuli akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Huyo mkimpata," mama akasema, akiirudisha suruali chini ya sindano, "mfundisheni polepole. Naye ana mama yake."