Mtawala wa Chumba cha Vyerehani

Jumatatu, 4 Machi
Siku yangu imefika. Mama mwenye karakana amesafiri kumwona bintiye aliyejifungua, akaniachia mafundi wote pamoja na oda ya sare za wahudumu wa hoteli. Amesema niwaangalie tu. Neno pana hilo. Mchana nimepandisha kiti changu juu ya kreti ili nione kila kichwa. Kinayumba kidogo, lakini heshima ipo. Kisha nikaigeuza feni inielekee mimi. Anayetaka upepo aje aombe. Wawili wameomba. Mmoja nimempa, mwingine nimemnyima, bila sababu yoyote. Siri iko hapo: wakiijua sababu, watajipanga.

Jumanne, 5 Machi
Leo nimeteua masikio. Mshona vifungo, tunayemwita Mama Vifungo, anakaa katikati na hapitwi na neno. Nimemwahidi kiti chenye mto. Kabla ya chakula cha mchana akaninong'oneza kwamba mpiga pasi ananiita jogoo wa kreti. Nikamnyang'anya mpiga pasi redio. Jioni nikagundua Mama Vifungo anapeleka habari pande zote mbili. Sijamfukuza. Mtu wa namna hiyo ana bidii ya kazi.

Jumatano, 6 Machi
Uasi. Mkata vitambaa ni shemeji yangu, dada wa mke wangu. Amesema mbele ya watu kwamba ninavyotaka kitambaa kitandazwe sivyo. Mbele ya watu! Nikamhamishia kwenye kupanga nyuzi, mkasi nikauchukua mimi. Akaniuliza, "Shemeji, una hakika lakini?" Nikamjibu kwamba kiongozi hahitaji hakika, anahitaji sauti. Nikatangaza sheria: habari mbaya ni marufuku humu ndani, zinavunja watu moyo. Halafu nikakata mikono ya sare zote mwenyewe, rundo zima kwa mkupuo mmoja. Raha iliyoje. Nyumbani mke wangu amenipakulia bila kunisemesha. Habari zimenitangulia.

Alhamisi, 7 Machi
Utulivu mtupu. Kila ninapopita wanatabasamu. Nimeuliza kazi ya kuunga mikono inaendaje. Mpiga pasi akasema inaenda vizuri kuliko wakati wowote, mkuu. Mkuu. Wala sikumtuma aseme hivyo. Nimemrudishia redio. Mama Vifungo naye akaapa kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kuona sare kama hizi. Shemeji akapaliwa, akakohoa mpaka machozi. Nimemshauri anywe maji ya moto. Mtawala lazima awe na huruma pia.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mwenye karakana amerudi kabla ya siku yake. Akachukua sare ya juu kabisa akamvisha mpiga pasi. Mkono wa kushoto safi kabisa. Wa kulia ulijinyonga ukaelekea mgongoni, kama anamwita mtu aliye nyuma yake. Akachukua ya pili. Vilevile. Ya tatu. Nilikata mikono ya kushoto mitupu.

Akawauliza mafundi kwa nini walikaa kimya. Wote wakanigeukia kwa adabu kubwa. Mama Vifungo ndiye aliyejibu: "Habari mbaya zilipigwa marufuku, mama."

Hoteli inakuja kuchukua sare Jumatatu. Shemeji akanyanyuka, akaupokea mkasi, akasema kitambaa kilichobaki kitatosha mikono ya kulia kama watakitandaza vizuri. Watu wote wakahamia kwenye meza yake. Hakuna aliyeamrishwa, hakuna aliyeahidiwa mto. Nimewatazama kwa muda mrefu nikijaribu kujua ametumia mbinu gani. Sijaipata.

Mimi nimepewa kazi ya kufumua.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefumua tangu asubuhi, nimekaa sakafuni karibu na mlango. Kazi hii inampa mtu nafasi ya kutafakari, na kosa langu nimeliona: nilikuwa mpole mno.

Jioni nimewakuta wapangaji wenzangu wamekusanyika, wanatafuta msimamizi wa zamu za kufagia ngazi. Kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikajitokeza. Mke wangu akanivuta shati, akanisihi niketi. Sikuketi. Nimepita bila kupingwa.

Kesho naanza na jirani wa ghorofa ya pili. Amechelewa kupiga makofi.