Kipande Changu Hakipimwi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Ofisini, Sinza. Programu yetu ya kupanga safari za maboza, yale malori ya tanki la maji, imekuwa kobe. Wateja wanaoga kwa kikombe na kututukana kwa simu. Bosi, Bi Rukaiya, ametangaza kwamba atakayeonyesha kinachochelewesha ndiye atakuwa kiongozi wa mafundi. Cheo hicho ni changu. Kizuizi ni kimoja: Atuganile, binti wa Mbeya, mwenye tabia mbaya ya kuwa na adabu.

Yeye ameandika sehemu kubwa kwa Python, lugha ya programu ambayo mashine huitafsiri huku ikitembea. Mimi nimeandika kipande cha kutafuta njia, kikakompailiwa kabisa kuwa lugha ya mashine. Mwendo wa umeme. Hakuna anayekifungua, na ni bora hivyo.

Jumanne, 15 Julai
Nimependekeza tupime. Ushujaa huo. Kipimo cha Python huonyesha kila fanksheni, yaani kila kijisehemu cha programu, imekula muda gani, lakini hakioni ndani ya kipande kilichokompailiwa mpaka uandike mstari wa kukiruhusu. Sikuuandika. Muda wangu wote ukabebeshwa fanksheni iliyoniita, ya Atuganile. Mimi sionekani popote, kama malaika.

Nikahutubia kuhusu uzembe wa vijana, kuanzia enzi za mafarao. Atuganile akasema tu kwamba, kaka Marijani, asiyeonekana kwenye picha ya harusi huenda yuko jikoni anamaliza pilau. Wivu.

Jumatano, 16 Julai
Nimehamishia kiti changu penye feni. Kiongozi hukaa penye feni. Mke wangu Munira kapiga simu kutoka Tabata: boza limekuja tena, tanki limefurika, dereva anauliza amwage wapi. Nikamwambia amwagilie mchicha.

Ijumaa, 18 Julai
Siku ya giza. Atuganile kaandika ule mstari mwanzoni mwa faili langu, kakompaili upya, kapima mbele ya ofisi nzima. Fanksheni yake, kiduchu. Juu kabisa, iliyokula karibu muda wote: nyumbani_kwa_marijani_kwanza.

Ndiyo, kwa kila safari kipande changu kilipekua ramani nzima kuona kama boza haliwezi kuanzia kwangu. Nikaeleza kwamba ni suala la haki za wanyonge. Badru, dereva wa boza, akauliza kama mnyonge huyo anafuga viboko. Atuganile akaizima, programu ikakimbia. Cheo kakichukua yeye, na kiti cha penye feni. Bosi kasema sifukuzwi, ila niifute fanksheni hiyo mwenyewe.

Jumatatu, 21 Julai
Munira analalamika, mchicha unanyauka. Nimelichambua kosa langu kwa ukali ule ule ninaowachambulia wengine. Lilikuwa moja tu: jina.

Ule mstari wa kipimo nimeufuta. Fanksheni imerudi kazini. Sasa inaitwa haki_kwa_wote. Tuone nani atathubutu kuizima.