DJ wa Harusi ya Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimechapa kadi mia mbili za harusi ya binti yangu. Kazi imeletwa na katibu wa kamati, ambaye hajui mimi ni nani. Penye jina la baba wa bibi harusi limeandikwa la Mwalimu, mume wa mama yake. Mtu ambaye hata saa yake ya mkononi iko mbele dakika kumi! Nikauliza kama hayo si makosa ya uchapaji. Katibu akasema hapana, bibi harusi mwenyewe amekagua.

Ni kweli niliondoka kwao miaka kumi na minne iliyopita. Kwa muda tu. Nilikuwa bado natafuta siku nzuri ya kurudi.

Herufi za dhahabu. Zimetoka safi sana.

Jumanne, 4 Juni

Ningeweza kujichapia kadi ya mia mbili na moja. Lakini baba mzazi haingii kwa kadi. Anaitwa. Kwa sauti. Mbele za watu.

Dada yangu yumo kwenye kamati. Nikampigia, nikamsalimia kwa heshima hadi akaingiwa na wasiwasi. Akaniambia hawajapata DJ. Nikasema ninaye mmoja hodari. Akauliza mimi linanihusu nini. Nikajibu halinihusu hata kidogo. Akasema nisimharibie mtoto siku yake. Maneno hayo, kutoka kwa ndugu wa tumbo moja.

Jumatano, 5 Juni

DJ amepatikana. Anaitwa Radi. Miwani nyeusi ndani ya duka langu lisilo na dirisha. Kazi yake ya kila siku ni kutangaza sabuni juu ya gari. Makubaliano: namchapia vipeperushi bure, naye ananiingiza ukumbini kama fundi wake wa nyaya. Ikifika zamu ya bibi harusi kucheza na baba yake, atanitaja. Nimemwandikia maneno, karatasi tatu. Akasema nusu inatosha. Mvivu.

Kamati imemkubali. Ma-DJ wengine wote wana kazi Jumamosi.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa tisa alasiri ukumbi umejaa. Mimi nyuma ya spika, ovaroli ya kuazima, suti ndani yake. Jasho kama nimenyeshewa. Binti yangu akaingia. Ana mwendo wa marehemu mama yangu. Hilo sikulitegemea.

Zamu ikafika. Mwalimu alikuwa ameshasimama, mkono mbele. Radi akazima muziki, akatangaza kwa sauti ile ile ya sabuni kwamba baba halisi, orijino, asiyechuja, yupo nyuma ya spika. Mimi sikuandika neno orijino.

Nikatoka huku navua ovaroli. Ikagoma magotini. Nikaanguka na waya, waya ukaanguka na spika, umeme ukakatika ukumbi mzima. Binti yangu akaja, akainama pale nilipolala.

"Baba, miaka kumi na minne nimekaa mtaa wa pili kutoka dukani kwako," akasema. "Hukuhitaji spika."

Hakupaza sauti. Ila pasipo muziki, kila mtu alisikia.

Mwalimu ndiye aliyeninyanyua. Ndiye aliyenimalizia kuvua ile ovaroli, mguu mmoja mmoja. Nikatokea mlango wa jikoni. Nyuma yangu wakaanza kuimba na kupiga makofi, wakacheza hivyo hivyo.

Lawama zote ni za Radi.

Jumanne, 11 Juni

Mwalimu amekuja dukani. Nikashika mkasi, kwa tahadhari. Akaomba kiti. Akasema binti na mumewe wananikaribisha chakula cha mchana Jumapili, saa saba. Akarudia mara mbili: nije tu, mikono mitupu. Nikamuuliza nani kamtuma.

"Yeye mwenyewe," akasema. "Mimi nilimshauri asubiri kidogo. Amekataa."

Alipoondoka, machozi yakanitoka. Wino huu mpya unachoma macho.

Jumapili, 16 Juni

Nije tu! Mtu na akili zake aende tu? Nimechapa bango la mita sita: BABA MZAZI ANAWAPONGEZA. Picha yangu upande wa kushoto. Saa sita na nusu nilikuwa ng'ambo ya barabara yao, juu ya ngazi. Kamba ikawa fupi. Bango likapinda, uso wangu ukakunjamana.

Saa saba binti yangu akatoka mlangoni, akatazama barabara, huku na huku. Hakutazama juu. Saa saba na nusu akatoka tena. Nikajibanza nyuma ya bango. Siwezi kuonekana na kitu kilichopinda. Saa nane akatoa kiti, akakaa nje. Saa tisa akaingia nacho, akafunga mlango.

Jumapili ijayo nakuja na kamba ndefu.